Gundi inashika? Usiniambie, nioneshe kilo

Juzi mdau kaniandikia inbox, "kaka, gundi gani inashika kuliko zote?" Nikacheka peke yangu, maana swali hilo hilo liliwahi kunila pea 48.

Ilikuwa oda ya viatu vya shule, soli nikachukua za PVC, ile plastiki, kwa sababu bei chee, gundi ni ile ile ya njano niliyoizoea miaka yote. Nikavuta kwa mkono, imekaza, nikajua kazi imeisha. Wiki ya tatu mama mwenye oda akaja na salfeti, akaimwaga mlangoni hata salamu hakuna. Viatu vimeachama kama mamba! Nikabandua kimoja kwa vidole viwili tu, soli safi kama sahani iliyorambwa, gundi yote imebaki kwenye ngozi na inanata kama bigijii. Kumbe PVC ina dawa ya kuilainisha, ile dawa inatoka mdogo mdogo inaenda kuozesha gundi ya njano, siku ya kwanza huoni kitu. Mpaka leo inaniuma, sidanganyi.

Sasa hivi mkono siuamini. Nabandika vipande viwili, cha ngozi na cha soli, vya upana wa sentimita 2.5, mwisho mmoja naacha bila gundi, natoboa, naingiza ndoano ya mizani ya digitali ile ya kupimia mabegi ya safari, navuta taratibu. Kilo zinazoruka mwanzoni achana nazo, soma zile zinazosimama wakati inaendelea kubanduka. Viatu vya usalama kazini, kiwango cha ISO 20345 ni nyutoni 4 kwa kila milimita ya upana, kwa kipande changu inakuja kama kilo 10. PVC na gundi ya njano siku ya pili ilinipa 7, baada ya wiki tatu juu ya bati la moto ikanipa 2. Gundi ya PU, yaani poliyurethani, ikabaki 10 na ushee.

Na jamani acheni kuvuta kwa kutelezesha kipande juu ya kingine halafu mnajisifu, hapo gundi yote inabeba pamoja, lakini kubandua ni kamstari kembamba kanakobeba mzigo wote, na kiatu mguuni kinaanza kubanduka nchani. Pimeni. Vipande vitano, sio kimoja. Kisha pimeni tena baada ya wiki, vijana hamtaki kusubiri ndo maana mnarudishiwa mizigo.

Mimi vyangu nimevitundika ukutani na tarehe, mteja akiuliza "vitadumu?" nampa mizani avute mwenyewe.