Hilo gego usiling'oe Jumamosi

Mkuu, hiyo hela irudishe mfukoni kwanza. Unasema mkeo analalamika unasaga meno usiku kucha, ukiamka gego la chini kushoto linauma mpaka sikioni, na Jumamosi unaenda kuling'oa. Halafu umeuliza habari ya ile plastiki ya kuvaa usiku kukinga meno. Nitafika huko.

Mimi niling'oa. Maumivu yaleyale, upande uleule. Jamaa wa kliniki moja ya mtaani alilimulika kwa tochi, akaligonga kwa kile kichuma, akasema limeoza kwa chini ndiyo maana halionekani. Nikauliza habari ya picha ya eksirei. Mashine mbovu, akasema. Nami kwa uvivu wa kupanda daladala nyingine nikaachama. Ganzi, koleo, kwisha. Jino likatoka zima, mizizi yake miwili imenyooka, utadhani la kufundishia wanafunzi. Nikalibeba nyumbani kwenye karatasi.

Wiki ya tatu kidonda kimeshafunga, naamka asubuhi linaniuma jino ambalo halipo! Nikarudi kwake. Unajua aliniambia nini? "Basi ni la pembeni yake." Yule bwana angeniachia ufizi mtupu, na kila jino angelilipisha.

Daktari wa pili hata mdomo wangu hakuufungua kwanza. Aliniambia niume meno, akanibonyeza shavuni karibu na kona ya taya, pale nyama inapotuna. Nikaruka kitini. Ilikuwa misuli ya taya muda wote, imekesha ikifanya kazi kama mashine ya sembe. Ndiyo maana asubuhi ilikuwa balaa, ikifika saa sita mchana nimesahau. Jino bovu kweli lipo pia, simaanishi halipo: chai ya moto inaacha maumivu yanayogoma kuondoka, au fizi inavimba. Picha ndiyo itasema, si tochi.

Sasa gego la juu limeanza kushuka kufuata pengo, na kuweka jino la bandia nimetajiwa bei nikacheka peke yangu. Mke wangu anasema ahueni, mashine imepungua jiwe moja. Chekeni tu.

Plastiki ninayo, ya kupimiwa meno yangu. Haizuii kusaga, inasagwa yenyewe badala ya meno. Ile ya wapiga ngumi ya kulainisha kwa maji ya moto nilikuwa naitema usingizini, asubuhi naiokota uvunguni. Bia za usiku nilipopunguza, taya nalo likapoa kidogo. Na kama unakoroma hadi pumzi inakatika, mwambie daktari, mara nyingine vinaenda pamoja.

Jumamosi nenda, lakini ukifika sema "nipige picha" kabla hujakaa kile kiti. Wakikwambia mashine mbovu, geuka. Daladala zipo.