Wimbo wa Utotoni Usioujua Jina: Nilivyoupata Wangu

Tangu nitangaze kwamba nimeupata ule wimbo wa utotoni niliokuwa nikiusaka bila kujua jina lake, simu haijatulia. Wengi wananipongeza, na pongezi nazipokea zote bila haya, maana nimezitolea jasho. Ila kuna ujumbe wa dada mmoja wa Kigoma ndio ulionikalisha chini kuandika: "Dada, wewe una bahati, ulikuwa na kanda. Mimi nina gitaa tu kichwani, bendi siijui, jina silijui. Naanzia wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi. Leo najibu kwa kirefu, kwa ajili yake na wenzake wote wenye gitaa kichwani, na najua mko wengi.

Niseme mapema kabisa: jina la wimbo wenyewe silitaji hapa. Nikilitaja nitataja na bendi, na nikitaja bendi mada yote italiwa na ubishi wa mashabiki wa Sikinde na Msondo, zile bendi mbili hasimu za muziki wa dansi. Anayeutaka aje faragha, nitamtumia.

Nimekulia Tabora, kota za reli, miaka ya 1980. Watu wa Tabora tuna kiburi cha muziki na hatuombi radhi. Kiko Kids ni ya kwetu, Nyanyembe Jazz ya kwetu, Tabora Jazz na mtindo wake wa segere matata ya kwetu. Watu wa Dar wakizungumza habari za muziki wa dansi utadhani ulizaliwa Kariakoo ukafia Ilala, mimi huwa nawatazama tu.

Nyumbani tulikuwa na redio moja ya betri kubwa nne, mama kaivalisha kitambaa cha kufuma chenye pindo la waridi. Televisheni Bara haikuwapo, tuliiona mwaka 1994. Stesheni nayo ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Betri za National zilikuwa zinatengenezwa hapahapa nchini lakini miaka ile ya uhaba kuzipata ilikuwa kazi, na zikichoka tulizianika juu ya bati zipate joto, zikasukuma siku mbili tatu zaidi. Kwa sababu hiyo redio haikuwashwa ovyo. Taarifa ya habari, ndiyo. Matangazo ya vifo, lazima. Sisi watoto tulipewa kipindi cha Mama na Mwana, na baba hakukosa vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi hata kama dunia inawaka. Kilichobaki ni muziki, na muziki ukipigwa unasikilizwa. Ole wako ukohoe.

Wimbo wangu ulikuwa unapigwa usiku, saa ambayo mimi nilitakiwa niwe nimelala. Nausikia kwa upande wa pili wa ukuta. Gitaa la solo linaanza peke yake, kama mtu anayepiga hodi mlango asioujua vizuri, halafu rizimu inaingia, besi inafuata, ndipo sauti mbili zinapopanda pamoja. Maneno sikuyashika. Kwa kuwa treni ya Kigoma ilipita karibu na kwetu, niliamini kabisa kwamba ni wimbo wa mtu anayesafiri na reli. Kumbe ni mwanamume analalamika amechoshwa na mashemeji wanaohamia kwake bila taarifa. Nilipoujua ukweli huo, ukubwani, nilicheka peke yangu hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Kwa nini nilicheka hivyo mtaelewa baadaye.

Baba alipopata redio kaseti, jambo la kwanza alilofanya ni kuurekodi. Alirekodi toka redioni, kwa hiyo mwanzo kuna sauti ya mtangazaji ikimalizia salamu za watu wa Nzega. Kanda aliiandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: MCHANGANYIKO – USIFUTE. Na hakuishia kuandika. Alichukua bisibisi akavunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili kitufe cha kurekodi kigome. Mzee yule hakuwa mtu wa mzaha.

Dada yangu mkubwa alipoolewa, shemeji yangu alihitaji kanda ya kurekodia hotuba za harusi. Akafungua droo. Akaisoma USIFUTE kwa macho yake mawili. Akakunja kipande cha karatasi, akaziba vile vitundu, akabonyeza.

Baba hakusema neno, maana ni mkwe na siku ni ya heri. Mimi niliyekuwa na miaka kumi na kitu sijasamehe mpaka leo, na wala sioni haraka ya kusamehe. Baba alipofariki nikaiomba ile kanda kwenye vitu vyake. Ukiiweka unasikia salamu za Nzega, unasikia gitaa linapiga hodi, rizimu inaingia, halafu "kacha!", na mshereheshaji anaunguruma: "Ndugu wageni waalikwa..." Ni sekunde chache tu zilizobaki. Hizo ndizo nilizozunguka nazo.

Sasa ushauri.

Usianze na programu za simu zinazotambua nyimbo. Mimi pia nilijaribiwa nazo, na zikanijibu kwa upole kwamba hazijapata kitu. Programu inatambua kile ambacho kimewekwa kwenye ghala lake, na sehemu kubwa ya muziki wetu haijawahi kuuzwa popote. Elewa historia kidogo. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, sahani zilifyatuliwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo bendi ilikuwa inaingia studio ya RTD, inapiga wimbo, mkanda unabaki hapo, wimbo unakwenda hewani. Nchi nzima inaujua na hakuna dukani. Ndiyo maana unaweza kuimba wimbo mzima na mtandao ukakuona mwongo.

Pia usiamini sana sauti ya mwimbaji. Nilipokitupa kile kipande kwenye kundi la wapenzi wa zilipendwa, wee! Nusu wakaapa ni Sikinde, nusu wakaapa ni Msondo, mmoja akatishia kujitoa. Na wote walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. DDC Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoundwa mwaka 1978 ilichukua watu kutoka JUWATA, ndiyo Msondo, akiwamo mwimbaji Muhidin Gurumo, na Hassan Bitchuka naye sauti yake imepita pande zote mbili. Gurumo baadaye mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound na mtindo wa ndekule ukazaliwa. Na JUWATA yenyewe ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaja kuwa OTTU, leo tunaiita Msondo Ngoma. Kwa hiyo ukitafuta kwa jina la bendi, tafuta majina yote ambayo bendi hiyo imewahi kuvaa. Marijani Rajab utamkuta Safari Trippers na utamkuta Dar International. Mbaraka Mwinshehe utamkuta Morogoro Jazz na utamkuta Super Volcano.

Kwa wale ambao wimbo wao ulitoka kwenye santuri, jambo moja linasahaulika sana. Sahani ndogo ilikuwa haibebi wimbo mzima, ukakatwa katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, yaani ile sehemu ya mwisho ya kuchezea ala zinapochachamaa. Kama wewe mtoto ulikuwa unachezea chemko, huenda kumbukumbu yako yote ni ya upande wa pili, na huku unasikiliza upande wa kwanza mtandaoni unasema siyo huu. Geuza sahani, ndugu yangu.

Nilijaribu pia vituo vya redio. Mtangazaji mmoja wa kipindi cha muziki wa zamani, kituo sikitaji, aliniambia nimtumie kwanza hela ya soda. Nikatuma. Akaniambia tena soda ilikuwa ndogo. Hapo nikamalizana naye, na kila nikimsikia hewani akijiita mlinzi wa urithi wa taifa nazima.

Walionisaidia ni watu wa kazi. Hili ndilo nililokuja kuwaambia hasa, na nitalirudia mpaka mlichoke. Tafuta mtu ambaye kazi yake ilimweka karibu na redio mchana kutwa kwa miaka mingi: fundi cherehani, kinyozi, mpishi wa hoteli, mhudumu wa baa, mlinzi wa zamu ya usiku. Mwanamuziki anakumbuka nyimbo zake na ugomvi wake. Shabiki anakumbuka bendi yake. Fundi cherehani anakumbuka kila kitu, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na masikio hayakuwa na kazi.

Wangu alikuwa fundi redio, mzee wa pale Gerezani, Dar es Salaam, kibanda chake kimejaa mizoga ya redio mpaka yeye mwenyewe anakaa nje. Nilikwenda kwake kwa shida nyingine kabisa, redio kaseti yangu ilikuwa inatafuna kanda. Akasafisha kichwa kwa pamba na spiriti, akabadilisha mpira, akaniambia nimpe kanda yoyote ajaribie. Nikampa ile. Gitaa likapiga hodi. Mzee akavua miwani. Mshereheshaji alipoingia, yeye hakusimama, aliendelea kuimba ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, akaiga na tarumbeta kwa mdomo, huku wapiga debe wa kituo wakigeuka kumtazama. Alipomaliza akataja jina la wimbo na bendi kama anataja jina la mwanawe, kisha akauliza, "Ni nani huyu mshenzi aliyeufuta?"

Nilitaka kumkumbatia.

Ukiwa na jina mkononi, kazi iliyobaki si kazi. Kuna watu walioweka mtandaoni rekodi zao za zamani kwa kujitolea, na wangu ulikuwepo, umesikilizwa na watu wachache, picha ya jalada ni ua la plastiki. Nisingeufikia kamwe bila jina.

Kwa hiyo dada wa Kigoma: uliza watu wa kazi. Usiwaulize "mnaukumbuka wimbo gani wa zamani," utapewa hadithi za harusi zao. Waimbie. Mwimbie mtu gitaa kwa mdomo, hata kama sauti yako ni ya chura, na umwambie ulikuwa mji gani, mwaka gani, saa ngapi ya siku. Saa ya siku inasaidia kuliko unavyodhani, maana vipindi vilikuwa na saa zake na watu wanakumbuka walikuwa wanafanya nini. Na uwaimbie sasa. Gurumo ametutoka mwaka 2014, Remmy Ongala mwaka 2010, Bi Kidude mwaka 2013. Hao ni wa majina makubwa. Mafundi cherehani wanaondoka kila wiki na hakuna anayetangaza.

Niwaambie na wazazi wenzangu, kwa kuwa nimeshaanza kusema. Mnalalamika watoto hawajui muziki wetu, wanasikiliza bongo fleva kutwa. Watajuaje? Sisi tuliujua kwa kuwa redio ilikuwa moja na baba ndiye aliyeshika kitufe. Leo kila mtu ndani ya nyumba ana visikilizi vyake masikioni, mtoto hasikii hata kwa bahati mbaya kile unachokipenda. Pigeni muziki sebuleni, kwa sauti. Wanune. Mimi pia nilinuna kwa Pwagu na Pwaguzi.

Na kama una kanda za mzazi kabatini, usikurupuke kuzitia kwenye mashine. Itazame kwanza kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembeni ya utepe, huo ni ukungu, mpelekee fundi. Kama ni safi, izungushe kwa penseli mpaka mwisho na urudi, taratibu, ili utepe ulioganda uachiane. Kisha chomeka waya kutoka tundu la visikilizi la redio kaseti hadi kwenye kompyuta, urekodi mara hiyo ya kwanza kabisa, kwa sababu kanda kuukuu inaweza isiwe na mara ya pili. Rekodi yote, pamoja na salamu za watu wa Nzega. Usikate kitu.

Yangu nimeirekodi yote, pande zote mbili, na habari zikamfikia shemeji. Wiki iliyopita amepiga simu. Kumbe video ya harusi yao iliharibika kwa maji zamani, na ile kanda ndiyo sehemu pekee duniani yenye sauti ya marehemu mama yake akitoa nasaha kwa maharusi. Ananiomba nakala. Nimemwambia aje Jumapili, nitampa. Kabla ya nasaha, atakaa kwenye kochi langu atausikiliza wimbo mzima wa mashemeji, ubeti kwa ubeti, mpaka chemko liishe.