Hadhi ya msafiri ukiishi ughaibuni: fuata njia ya kwenu

Watu wanaohama huniuliza swali lilelile: nina kadi ya Silver, ngazi ya hadhi niliyopewa na shirika la ndege kwa kusafiri nalo mara kwa mara nikiwa nyumbani, sasa nakwenda kuishi Marekani, je, niiache nianze upya na shirika la huko? Jibu langu halijabadilika tangu nihamie Minneapolis. Usichague kwa kuangalia nchi uliyozaliwa wala mji unaolala. Chora njia unayopita kwenda kwenu na kurudi, tafuta mpango wa maili (alama ambazo shirika la ndege humpa msafiri wake) unaoithamini zaidi njia hiyo, halafu kila safari yako, hata ile ya kikazi ya saa 1 angani, iandikishwe humo humo.

Hilo linawezekana kwa sababu mashirika makubwa yamejifunga katika miungano mitatu. Star Alliance, ya tangu 1997, ina Ethiopian, Turkish, Lufthansa, Brussels Airlines na United. Oneworld ya 1999 ina Qatar Airways, British Airways na, kuanzia Juni 2025, Oman Air. SkyTeam ya 2000 ina Kenya Airways, KLM, Air France, Delta na Saudia. Emirates na Air Tanzania haziko katika muungano wowote kati ya hiyo. Ukipanda ndege ya shirika moja unaweza kutoa namba yako ya uanachama ya shirika jingine la muungano huohuo, na maili zikaingia huko. Na hadhi uliyoipata kwa mmoja hutambuliwa na wenzake.

Mimi nilibaki na Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Kenya Airways nayo ilikuwa ikiutumia kabla ya kuanzisha Asante Rewards yake, kwa hiyo Wakenya wengi wana namba ya zamani ya Flying Blue waliyoisahau kwenye barua pepe. Itafuteni, bado ina kazi.

Kwetu ni Mombasa. Njia yangu ni Minneapolis, Amsterdam, Nairobi, kisha Mombasa. Flying Blue haiangalii umelipa kiasi gani inapopima hadhi. Inatoa alama za XP kwa kila ndege unayopanda, kwa umbali na kwa daraja. Katika daraja la kawaida, safari ya ndani ya nchi ni XP 2, ya kimataifa isiyofika maili 2,000 ni 5, ya maili 2,000 hadi 3,500 ni 8, ya 3,500 hadi 5,000 ni 10, na inayozidi hapo ni 12. Ukikaa daraja la kati, kama Premium Comfort ya KLM au Premium Select ya Delta, alama ni mara mbili. Daraja la biashara ni mara tatu. Silver inataka XP 100 ndani ya miezi 12, Gold 180, Platinum 300. Unapanda ngazi kwa ngazi: ukifika Silver, 100 zinakatwa, kinachobaki kinakuwa mtaji wa kuelekea Gold.

Piga hesabu. Minneapolis hadi Amsterdam 10, Amsterdam hadi Nairobi 10, Nairobi hadi Mombasa 2. Kwenda na kurudi ni 44. Sasa mtazame anayeishi New York. Akipanda ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018, anapata 12 kwenda na 12 kurudi, jumla 24, ingawa amekaa angani zaidi ya nusu siku bila kutua. Akipitia Amsterdam au Paris anapata 40. Ukisafiri na mtoto mchanga au mzee wako, panda ya moja kwa moja na usahau alama kabisa; afya na utulivu wao ni vikubwa kuliko kadi yoyote. Lakini kama uko peke yako na una muda, kubadilisha ndege kunakulipa.

Safari mbili za kawaida kwa mwaka zinanipa 88, na Silver ni 100. Pengo hilo la 12 ndilo linalowafanya wengi wakate tamaa, na dawa yake si kununua safari ya tatu. Katika safari mojawapo, nunua daraja la kati kwa ule mguu wa kutoka Marekani hadi Ulaya na wa kurudi. Kila mguu unaongeza XP 10, unafika 108, na zile 8 za ziada zinaingia mwaka unaofuata. Mimi huchagua kufanya hivyo safari inapokuwa ya usiku, ili nafasi ya kunyoosha miguu iwe na faida kwangu pia. Daraja la biashara kwa miguu yote minne mirefu ni XP 120, yaani Silver kwa safari moja, lakini bei yake si ya kukopea pesa.

Naulizwa pia kwa nini situmii SkyMiles, mpango wa Delta, ilhali naishi katika mji wa Delta. Ni kwa sababu tangu 2024 Delta inapima hadhi kwa dola peke yake: 5,000 kwa Silver, 10,000 kwa Gold, 15,000 kwa Platinum. Mtu anayelipiwa na kampuni tiketi ghali za ndani ya Marekani kila wiki, mpango huo unamfaa sana. Mtu anayejinunulia tiketi ya daraja la kawaida kwenda kumwona mama, fedha zake hazifiki huko. Umbali tunao mwingi sisi watu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo tuende kwenye mipango inayolipa umbali.

Upande wa Star Alliance kuna jambo linalowashangaza wengi. Mwanachama wa Gold wa United mwenyewe haruhusiwi kuingia United Club, launji za United viwanjani, kwa hadhi hiyo akiwa anasafiri ndani ya Marekani tu. Mwenye Gold ya shirika jingine la muungano, tuseme Turkish au Ethiopian, anaingia. Tena United inadai uwe umepanda ndege zake zisizopungua 4 katika mwaka kabla ya kukupa hadhi yoyote. Kwa hiyo kama wewe huenda nyumbani na Ethiopian kupitia Addis Ababa, usiwe na haraka ya kumimina maili zako United kwa sababu tu ndiyo inayotangazwa mtaani kwako.

Angalieni na kalenda. Wengi wetu huenda nyumbani Desemba na kurudi Januari. Kwa mpango unaohesabu mwaka kuanzia Januari 1, kama wa Delta, safari hiyo inakatwa katikati: kwenda kunahesabiwa mwaka huu, kurudi mwaka ujao. British Airways inaanza mwaka wake Aprili 1. Flying Blue humpa kila mwanachama mwaka wake binafsi. Ingia kwenye akaunti, tazama tarehe yako ya mwisho, uiandike pale unapoandika tarehe za kodi ya nyumba. Kusogeza safari kwa wiki moja kunaweza kukuokolea hadhi ya mwaka mzima.

Sasa nije kwenye jambo linalotuumiza zaidi, majina. Pasipoti zetu hubeba jina lako, la baba na la babu. Kwenye tiketi, majina mawili ya kwanza mara nyingi hubanwa pamoja kama neno moja. Kwenye akaunti ya maili uliandika mawili tu. Ukisafiri na shirika lenye akaunti yako, kompyuta yao huenda ikakuelewa. Ukisafiri na mshirika, majina yasipolingana maili zinaning'inia na hakuna mtu atakayekuarifu. Sahihisha jina kwenye akaunti lifanane na pasipoti, herufi kwa herufi, kabla ya kununua tiketi. Dada zetu mliobadilisha jina baada ya ndoa, anzeni na hili leo.

Jambo la pili ni nani aliyeuza tiketi. Ndege moja inaweza kuuzwa na mashirika mawili au matatu, kila moja kwa namba yake ya safari, na maili zikahesabiwa tofauti. Tazama namba ya tiketi yenyewe, ile ya tarakimu 13: ikianza na 074 imetolewa na KLM, 057 Air France, 006 Delta, 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian. Kisha tazama herufi ya daraja la bei. Zipo herufi za bei rahisi ambazo kwa mpango wa mshirika haziingizi kitu. Mimi huifungua jedwali ya washirika kwenye tovuti ya mpango wangu kabla ya kulipa, na wakala wa tiketi akikataa kuniambia herufi, naenda kwa mwingine.

Pasi ya kupandia ndege usiitupe. Ipige picha, pamoja na risiti ya tiketi, uvihifadhi hadi maili zionekane. Mipango huweka ukomo wa muda wa kudai zilizopotea, na anayedai bila karatasi huzungushwa.

Walioko Ghuba hesabu yao ni nyingine. Ukiishi Doha, au Muscat ukirukia Zanzibar na Dar es Salaam, oneworld ndiyo imekuzunguka. Privilege Club, mpango wa Qatar Airways, inataka Qpoints (alama zake za hadhi) 300 kufika Gold na 270 kuibakiza, yaani kuilinda ni rahisi kidogo kuliko kuipata.

Na hii hadhi inakupa nini? Viti vya launji ni vizuri ukiwa na saa nyingi Amsterdam, lakini kwa watu wetu faida kubwa ni begi. Gold ya Flying Blue hutambuliwa katika SkyTeam nzima kama Elite Plus, ngazi ya juu ya muungano huo, na pale mizigo inapohesabiwa kwa idadi unaongezewa begi moja bila malipo. Kwetu harudi mtu mikono mitupu, kwa hiyo begi hilo ni viatu vya wapwa, dawa za shangazi na vitabu vya shule.

Unayekwenda nyumbani mara moja kwa miaka miwili katika daraja la kawaida, usifukuzie hadhi. Lipia begi la ziada utakapolihitaji. Lakini namba ya uanachama itoe kila mara, maana maili za Flying Blue kwa asiye na hadhi zinaendelea kuishi ukiruka walau mara moja ndani ya miezi 24. Kama una kadi ya benki ya Marekani inayotoa alama, kama zile za American Express au Chase, unaweza kuzihamishia huko zikawa maili za kununulia tiketi. XP hazitakuongezea hata moja.