Vinyota ukutani

SWALI: Mambo vipi wahariri, nimepanga chumba Mji Mkongwe hapa Unguja, sasa juzi plasta imebanduka nyuma ya kitanda nikakuta jiwe lina vinyota vidogo vidogo kama vimechorwa na sindano. Ni wadudu au nini hiki?

JIBU: Si wadudu, ni mabaki ya wanyama wa baharini waliokufa zamani sana, lala salama! Hilo jiwe la matumbawe, na kila kinyota ni kikombe alichokaa mnyama mmoja laini wa baharini, ile mistari inayotoka katikati ndo kuta za kijumba chake. Yaani unalala umeegemea bahari. Hata Fort Jesus kule Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, jiwe ni hilohilo, na chokaa ya zamani nayo ilikuwa matumbawe yamechomwa tanuri. Halafu cheki dari, kama kuna boriti za mikoko utaelewa kwa nini chumba chembamba, maana mti wenyewe haukupi zaidi ya mita 3 hivi. Ila plis usizibe na simenti, inafungia unyevu ndani, mwambie mwenye nyumba alete chokaa. Na piga picha kwanza.