Uimara na ukakamavu wa chesisi katika nakala za AC Cobra

Ndugu, umeuliza ipi ni bora kwa nakala ya AC Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960: chesisi (fremu inayobeba gari) ya mabomba mawili makubwa ya duara, au ya mabomba ya mraba yenye mishazari, yaani vyuma vilivyokingamishwa kati yake. Uimara ni kubeba mzigo bila kuvunjika. Ukakamavu ni kutojinyonga gari linapokata kona. Muuzaji anayesifia chuma chenye nguvu zaidi anazungumzia la kwanza tu, kwa kuwa aina zote za chuma cha pua (steel) hunyumbuka karibu sawa, na kinacholeta ukakamavu ni umbo. Ndiyo maana toleo la Cobra halisi lenye injini ya inchi za ujazo 427, mwaka 1965, lilipewa mabomba makuu ya kipenyo cha inchi 4 badala ya 3: unene wa ukuta ukibaki uleule, ukakamavu wa bomba huzidi maradufu, ilhali uzito huongezeka kwa theluthi moja tu.

Mimi ningechagua ya pili, ya mabomba ya mraba, kwa kuwa mishazari huzuia kujinyonga, mradi uikague kabla bodi haijafungwa, hasa penye injini, ambako mishazari hukatwa ili kupisha ekzosi. Mwombe muuzaji afunge ncha ya nyuma, aning'inize uzani upande mmoja wa mbele, kisha akupimie imejinyonga digrii ngapi. Akikataa, usilipe chochote.