Timu Yako Ikimaliza Msimu Aprili

Nilifika Buffalo, jimbo la New York, Marekani, vuli ya 2014 nikitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na barafu niliyoijua ni ile ya kwenye friji la muuza soda. Kiwandani nilikopata kazi ya kwanza, chumba cha kulia kilikuwa na televisheni moja, na ndiyo iliyonifundisha hoki ya barafuni. Machi 2015 timu ya Arizona ilikuja kucheza na Sabres wetu, timu ya Buffalo. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, tukafungwa, na uwanja ukashangilia. Nikadhani kuna sheria sijaielewa. Mzee mmoja wa zamu yetu akanieleza taratibu: atakayeshika mkia ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kumchukua kijana aitwaye Connor McDavid, na Arizona ndio tuliokuwa tunagombania nao huo mkia. Mimi nimekulia Simba na Yanga za redioni. Mtu kushangilia bao la kufungwa sikuwahi kusikia.

Mkia tukaupata. Lakini bahati nasibu ya kupanga timu ipi iteue vijana kwanza ikaenda Edmonton.

Nawaandikia ninyi mlioanza kuifuata Sabres, au timu yoyote ya namna hiyo, kwa sababu mnadhani msimu ndio mgumu. Hapana. Kufungwa kunakwisha baada ya dakika 60, ukalala. Kinachomaliza watu ni miezi ile ya kuanzia katikati ya Aprili hadi Oktoba, wakati wenzenu wako kwenye mtoano na ninyi mna tetesi tu. Baada ya mtoano wa 2011 tulikaa misimu 14 mfululizo bila kuingia tena, hadi msimu wa 2024–25 ulipokwisha. Hakuna timu nyingine ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Mwaka 2023 tulikosa kwa pointi moja tu. Florida waliotuzidi kwa hiyo moja wakafika fainali.

Ushauri wangu wa kwanza ni daftari. La karatasi, si simu. Kila tukio la kiangazi, mchezaji kuuzwa au kununuliwa, andika siku hiyohiyo unachoamini, kisha usifute. Langu lina ukurasa wa tarehe 1 Julai 2018, siku Ryan O'Reilly alipopelekwa St. Louis. Nimeandika neno moja: «Tumeibiwa.» Juni 2019 St. Louis wakatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, O'Reilly akawa mchezaji bora wa mtoano mzima, nami nikaongeza chini yake kwa kujivuna: «Nilisema.» Miongoni mwa tuliopewa alikuwemo kijana mrefu kama mlingoti, Tage Thompson. Msimu wa kwanza kwetu alifunga mabao 7. Wa pili akaumia bega mapema. Nikamwandika: «Huyu aachwe.» Baadaye kocha Don Granato akamtoa pembeni akamweka katikati, akafunga mabao 38 msimu wa 2021–22, na uliofuata akafunga 47. Ukurasa ule sasa una wino wa rangi tatu na aibu yangu yote. Tangu hapo, mtu akiniuliza mwezi wa saba tumepata au tumepatikana, namwambia aje baada ya miaka minne. Huwa wanakasirika.

Kuhusu waliokwenda. Hili ni jambo ambalo mashabiki wa timu nzuri hawalijui. Sam Reinhart alipelekwa Florida Julai 2021. Jack Eichel alivutana na timu kuhusu aina ya upasuaji wa shingo yake, na Novemba mwaka huohuo akaenda Vegas. Vegas wakachukua kombe 2023. Florida wakachukua 2024, na bao la ushindi katika mechi ya saba ya fainali alilifunga Reinhart. Ni kama kualikwa kila Juni kwenye harusi ya mtalaka wako. Mechi ile ya 2024 niliitazama peke yangu sebuleni, taa zimezimwa, na siwashauri. Ama tazameni mkiwa wengi, mcheke pamoja, ama zimeni mkalale.

Sasa jezi, maana hapa nimepoteza pesa. Kabla ya kununua jezi yenye jina la mtu, angalia mkataba wake unaisha lini. Habari hizo ziko wazi mtandaoni kwa kila mchezaji. Mimi sikuangalia. Binti yangu alimpenda JJ Peterka, nikamnunulia namba 77, na mkataba wa Peterka ulikuwa unaisha kiangazi kilekile cha 2025. Mwishoni mwa Juni nilikuwa jikoni nakaanga dagaa, simu ikalia: Peterka ameenda Utah, wamekuja Michael Kesselring na Josh Doan. Nikasimama pale nasoma mpaka mke wangu akapiga kelele, «Baba Neema, moshi!» Neema mwenyewe aliuliza kama Utah ni mbali, nilipomwambia ni mbali akaenda kucheza. Jezi anaivaa mpaka leo. Mkitaka ya salama, nunueni namba 11 ya Gilbert Perreault, mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa na timu hii mwaka 1970. Hiyo haiuzwi kwenda popote.

Tarehe 1 Julai saa sita mchana ndipo soko la wachezaji huru linapofunguliwa. Msichukue likizo kazini kwa ajili yake. Kwa kawaida mchezaji hawi huru kabisa mpaka afikishe miaka 27 au awe amecheza misimu saba, kwa hiyo mara nyingi unalipia mabao aliyowafungia wengine. Tazameni idadi ya miaka ya mkataba kabla ya dola. Kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, kilipanda hadi dola milioni 95.5 kwa msimu wa 2025–26, kwa hiyo mshahara mnono wa leo kesho utaonekana wa kawaida, lakini mwaka wa sita wa mtu mwenye magoti mabovu haupungui. Tena wengine hawataki kuja kwetu. Desemba 2024 meneja mkuu wa wakati huo, Kevyn Adams, alisema hadharani kwamba Buffalo haina mitende na kodi zipo. Watu wa hapa walichukia, wengine wakamkejeli kwa mitende ya plastiki. Mimi niliyekulia Kigoma kwenye michikichi kila upande niliona tu ajabu kwamba mtu anachagua kazi kwa kuangalia mti.

Badala ya soko, nendeni mkawaone vijana. Mwanzoni mwa Julai wale walioteuliwa karibuni hukusanyika Harborcenter, jengo la mazoezi ya barafuni mkabala na uwanja mkubwa, na mara kadhaa mazoezi hayo yamefunguliwa kwa watu wote. Wana miaka 18 au 19, na wengi hatutawaona kwenye timu kubwa kwa miaka miwili, mitatu. Wengine wataanzia Rochester, kwa Amerks, timu yetu ya daraja la chini, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Ukimwona kijana akianguka peke yake bila kuguswa na mtu, kisha akatazama jukwaani kama kuna aliyeona, tetesi za simuni zinapungua nguvu zenyewe.

Agosti pumzikeni. Hakuna habari Agosti, na anayedai anazo anatafuta wasomaji. Mimi hukaa barazani na yule mzee wa kiwandani, sasa amestaafu, ananisimulia ya 1974, jinsi Punch Imlach, meneja wa Sabres wakati huo, alivyochoshwa na uteuzi wa vijana uliokuwa ukifanyika kwa simu, akamteua mchezaji wa Kijapani aitwaye Taro Tsujimoto. Ligi ikaandika jina, na mtu huyo hakuwepo duniani. Nimekisikia kisa hiki labda mara tisa.

Septemba vijana wanarudi Harborcenter kucheza na vijana wa timu nyingine, na tiketi ni nafuu. Nje bado joto, watu wanakuja na kaptura, dakika ishirini baadaye wanatetemeka. Bebeni sweta. Neema huvaa yake ndani ya ile 77.