Wanunuzi hawalipii uzito wa dhahabu
Watu huuliza kama Day-Date ya zamani, saa ya dhahabu ya kampuni ya Rolex, ni ghali kwa sababu ya uzito wa dhahabu yake. Hapana, bei yake haitokani na gramu za dhahabu. Ukiiyeyusha, unapata sehemu tu ya bei yake. Rolex waliitoa 1956, saa ya mkono ya kwanza kuonyesha tarehe pamoja na jina la siku lililoandikwa kamili, na huuzwa kwa dhahabu ya karati 18 au platinamu tu. Wakusanyaji wa saa wanatafuta hali yake na historia yake. Mfano mzuri ni zile zenye nembo ya jambia la Oman usoni, zilizoagizwa enzi za Sultan Qaboos ziwe zawadi. Saa ileile bila nembo huwa rahisi zaidi kwa mbali, na dhahabu ni ileile!

Mimi ni fundi saa, na kitu cha kwanza ninachotazama ni kingo za kasha. Likisuguliwa mara nyingi ling'ae, kingo hulika na mhuri wa karati hufifia. Hapo thamani imeshuka. Ila nembo ya jambia hughushiwa sana, uso hupakwa rangi upya. Usinunue kabla fundi hajaifungua.